Nenda Tu, Mimi Nitakungoja Hapa

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niliwaambia nimerudi kutoka Firenze na mama, nikaahidi kuwaandikia sehemu nzuri za kuutazama mji ule. Ahadi ni deni, leo nalipa. Firenze ndiyo ile ambayo Waingereza wanaiita Florence. Orodha mtaipata, msiwe na wasiwasi, iko chini huko. Lakini kwanza niwaambie jinsi orodha yangu ya kwanza ilivyokuwa mbovu, maana nahisi wengi wenu mna orodha kama ile kwenye simu zenu.

Mama alistaafu mwezi wa kwanza. Miaka 22 amefanya kazi kwenye dobi ya hospitali hapa Uingereza: kupokea mashuka machafu, kuyaingiza kwenye mashine, kuyapiga pasi, kuyakunja, kusukuma matoroli. Magoti yake yamekwisha. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, alisema anataka kwenda mahali ambapo hakuna mtu atakayempigia simu kumwambia fulani anaumwa, njoo umshikie zamu. Mimi nikachagua Italia. Yeye akasema sawa, bora pawe na jua.

Safari yenyewe ilianza na viza. Sisi watoto tuna pasipoti za Uingereza, tunaamka tu na kupanda ndege. Mama bado ana yake ya Tanzania, kwa sababu akichukua ya huku ile ya kwao inabidi aiache, na hilo hataki hata kulisikia. Basi akaenda kutoa alama za vidole. Mashine ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Dada aliyekuwa pale akampa losheni apake, akasubiri, akajaribu mara ya tano. Maji ya moto na sabuni vilishafuta mistari ya vidole vyake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na hasira zangu. Mama akacheka tu, akasema, "Vidole vyangu vimebaki kwenye mashuka ya watu."

Mwishowe ikakubali. Viza ikatoka. Mwezi wa nne tukatua Pisa, tukapanda treni kama saa moja hivi, tukafika.

Sasa orodha yangu. Niliitengeneza usiku kitandani, kwa kusoma watu wengine wameandika nini. Namba moja ilikuwa kuba la kanisa kuu, lile paa kubwa la mviringo la matofali mekundu ambalo mnaliona kwenye kila picha ya Firenze. Ngazi 463. Namba mbili, mnara wa kengele wa Giotto, ambao uko hapohapo ubavuni mwa kanisa. Ngazi 414. Namba tatu, mnara wa Palazzo Vecchio, jumba la serikali ya mji. Ngazi tena. Kuba na mnara wa Giotto havina lifti kabisa, ni miguu yako na Mungu wako. Na mimi, mtu mwenye digrii mbili, nikaipanga orodha ile kwa ajili ya mwanamke wa miaka 66 mwenye magoti mabovu, bila kuona tatizo liko wapi.

Siku ya kwanza tukafika mlangoni pa kuba, saa yetu tuliyoandikishwa ikiwa bado dakika kumi. Mama akainua kichwa, akautazama ule ukuta mpaka juu. Kisha akasema maneno ambayo kila mmoja wenu anayajua.

"Nenda tu, mwanangu. Mimi nitakungoja hapa."

Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote. Kwenye bwawa la kuogelea la shule. Kwenye mabembea makubwa ya kuzunguka. Baharini, Brighton. Kwenye maonyesho ya sayansi ambayo tiketi yake ilikuwa ghali, akanunua ya watoto tu, akakaa nje kwenye benchi na chupa yake ya chai. Mama zetu wamekuwa kabati la makoti. Sisi tunapanda, wao wanashika mikoba. Na kwa sababu wanasema kwa uso mzuri, sisi tunakwenda.

Nikaenda.

Niseme ukweli, kule juu ni pazuri. Ngazi ni nyembamba, zinapinda, kuna mahali unapita ndani kabisa ya kanisa, chini ya michoro ya Siku ya Hukumu, mashetani wanakuangalia kwa karibu. Halafu unaingia katikati ya kuta mbili za kuba, maana limejengwa mawili, moja ndani ya lingine. Brunelleschi alianza kulijenga mwaka 1420 na likakamilika 1436, bila lile jukwaa kubwa la mbao la kulishikilia kutoka chini ambalo mafundi wa wakati ule walilitegemea. Inakadiriwa lina matofali zaidi ya milioni 4. Ukitokeza nje juu, vigae vyote vya mji vinakuwa chini yako, na vilima vimeuzunguka kama watu waliokaa kwenye mkeka.

Lakini kuna vitu viwili hauvioni kutoka kwenye kuba. Cha kwanza ni kuba lenyewe. Unapiga picha ya Firenze, kitu kinachoifanya iwe Firenze hakimo, umekikanyaga. Cha pili ni uwanja ulio chini yako kabisa, kwa sababu lile tumbo la kuba linauficha. Nikazunguka pande zote nikimtafuta mama. Nikampigia simu.

"Umekaa wapi? Sikuoni."

"Nipo hapahapa. Mimi nakuona."

"Unaniona?"

"Nakuona. Si umevaa jaketi nyekundu."

Jaketi nyekundu nilikuwa nimevaa tangu asubuhi, yeye ndiye aliyesema nifunge zipu. Watu juu kule kutoka chini ni wadogo kama sisimizi. Hakuwa ananiona. Lakini sikumwambia hivyo. Nikapunga mkono kuelekea upande ambao nilidhani ndio aliko, nikateremka ngazi 463 nikiwa na hasira na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Usiku ule alijichua magoti kwa dawa yake, hakulalamika hata neno moja. Mimi nikaifuta orodha. Nikaandika nyingine kwa swali tofauti. Mwanzo nilikuwa nauliza: wapi ni juu zaidi? Sasa nikauliza: wapi tutakaa wote wawili, na tuone nini?

Siku ya pili tukaanza na madaraja. Mto Arno unakata mji katikati, kingo zake ni tambarare, unatembea polepole, ukichoka unaegemea ukuta. Kila mtu anakimbilia Ponte Vecchio, lile daraja la mwaka 1345 lenye maduka ya sonara juu yake. Linapendeza, ila ukiwa juu yake unaona madirisha ya dhahabu na migongo ya watu. Nenda daraja linalofuata upande wa magharibi, Santa Trinita. Simama katikati, geuka mashariki. Hapo ndipo unaliona Ponte Vecchio lote, na vijumba vyake vinavyoning'inia juu ya maji. Asubuhi mapema, kama maji yametulia, unaona madaraja mawili, moja juu na moja kichwa chini.

Nikamwambia mama habari za daraja lile. Mwezi wa nane mwaka 1944, Wajerumani walipokuwa wanakimbia, walilipua madaraja yote ya katikati ya mji isipokuwa Ponte Vecchio. Santa Trinita likaanguka mtoni. Watu wa Firenze wakatoa mawe yake majini, wakalijenga upya kama lilivyokuwa, likafunguliwa 1958. Kwenye kona zake kuna sanamu nne za majira ya mwaka. Ile ya majira ya kuchipua ilikuwa haina kichwa, kilipotea kwenye mlipuko. Kikapatikana kwenye matope ya mto mwaka 1961. Mama akaisogelea ile sanamu, akaikagua shingo kama fundi. Akaridhika.

Ukiendelea kushuka na mto unafika daraja la Vespucci. Sikuliweka kwenye orodha kwa ajili ya mandhari tu. Tarehe 5 Machi 2018, Msenegali mmoja aitwaye Idy Diene, miaka 54, mtu aliyekuwa anauza bidhaa ndogondogo, aliuawa pale darajani kwa kupigwa risasi. Wasenegali wa Firenze waliandamana, na watu wengine wa mji wakaandamana nao. Nawaambia hili kwa sababu wale vijana wanaouza miavuli na vijiti vya selfi kwenye kila sehemu ya kupigia picha ni majirani zetu kuliko tunavyojua. Hata kama hununui, salimia. Mama alimsalimia kila mmoja. Kiswahili hawakijui, lakini "mama" walijua, na yeye alinunua mwavuli ambao hatukuuhitaji.

Njiani nikamsimulia na habari ya twiga, akaipenda sana. Mwaka 1487 Sultani wa Misri, Qaitbay, alimpelekea Lorenzo de' Medici, mkubwa wa mji wakati ule, zawadi ya twiga. Watu wa Firenze walikuwa hawajawahi kuona kitu kama kile. Akawa anatembezwa mitaani, na kwa urefu wake anachungulia madirisha ya ghorofa, watu wanamlisha hapohapo. Yaani ndiye mgeni pekee aliyeiona Firenze kutoka juu bila kupanda ngazi hata moja. Mama akauliza, "Kisha ikawaje?" Nikasema habari iliyosimuliwa ni kwamba alikwama kichwa kwenye boriti za zizi akavunjika shingo. Amechorwa kwenye kuta za mji ule, pamoja na mchoro wa Ghirlandaio ndani ya kanisa la Santa Maria Novella, ukitazama vizuri nyuma kule utamwona. Mama akanyamaza kidogo. "Walimjengea banda la ng'ombe," akasema.

Mchana jua likawa kali. Nikampeleka mahali nilipokuwa nimepaweka kwa sababu tatu tu: ni bure, kuna lifti, na kuna kahawa. Ni maktaba ya mji, inaitwa Oblate, iko mtaa wa Oriuolo, dakika chache kutoka kanisa kuu. Zamani ilikuwa nyumba ya watawa. Unapita uwanja wa ndani ambako wanafunzi wanasoma, unapanda mpaka ghorofa ya juu, unatokeza kwenye baraza pana la wazi, na kuba liko pale. Liko karibu hasa, yaani unaona matofali, unaona watu wadogo kule juu wamevaa majaketi yao mekundu. Wanafunzi wamekaa na kompyuta zao, hawalitazami hata, wameshalizoea.

Mama akakaa, akavua viatu kisirisiri chini ya meza. Nikaleta kahawa. Nikaanza kumsomea habari za jengo kwenye simu, mnajua tabia yangu. Nikasoma kwamba wanawake wa Oblate walikuwa wanahudumia wagonjwa wa hospitali ya Santa Maria Nuova, iliyo jirani, ambayo Folco Portinari aliianzisha mwaka 1288 na mpaka leo inafanya kazi. Kwamba kazi yao moja ilikuwa kufua. Na kwamba lile baraza la juu lilikuwa mahali pao pa kuanikia nguo za hospitali.

"Nguo gani?" mama akauliza.

"Za hospitali. Mashuka na kadhalika."

"Hapa?"

"Hapahapa tulipokaa."

Akavaa viatu. Akainuka, akaenda mpaka ukingoni, akaweka mkono juu ya ukuta. Hakulitazama kuba. Akatazama juu kwenye boriti, akatazama pande upepo unakotokea, akawa anapiga hesabu, namjua akipiga hesabu. Akasema, "Upepo upo. Ukianika saa tatu, kabla ya adhuhuri umeshaanua." Kisha akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Hawa walibahatika. Sisi tulikuwa chini ya ardhi. Dirisha hakuna."

Nikamuuliza, "Hakuna hata moja?"

"La nini? Mashine hazihitaji dirisha."

Miaka 22. Nilikuwa najua zamu zake zote. Najua jina la msimamizi aliyekuwa anamsumbua, najua keki waliyomkatia siku ya kuagwa ilikuwa ya ndimu. Asubuhi za baridi nimemsindikiza mpaka kituo cha basi, nimeona anaingia gizani na jioni anatoka gizani, nikadhani ni kwa sababu ya majira ya huku. Sikuwahi kumuuliza kama pale anaposhinda anaona nje.

Sikujua cha kusema, kwa hiyo sikusema kitu. Tukakaa pale mpaka kahawa ikapoa, tukaagiza nyingine. Mama ni mtu wa kukaa dakika tano halafu anauliza tunaondoka saa ngapi. Siku ile tulikaa saa mbili na nusu. Akaniomba nimpige picha, na akanielekeza jinsi ya kumpiga: yeye amesimama, mkono juu ya ukuta ule. Kuba limeingia nusu tu kwa nyuma. Ndiyo picha aliyowatumia wenzake wa kazini.

Siku ya tatu tulikwenda Piazzale Michelangelo. Huu ni uwanja mkubwa juu ya kilima, ng'ambo ya mto. Aliuchora Giuseppe Poggi mwaka 1869, katika ile miaka michache, 1865 hadi 1871, ambapo Firenze ilikuwa mji mkuu wa Italia na ilikuwa inajipamba. Kila mtu atawaambia nendeni jua linapozama. Nendeni, lakini mjue mtakuwa mmekaa kwenye ngazi na mamia ya watu, mmoja ana gitaa. Sisi tulikwenda alfajiri, na sababu yake si kukimbia watu tu. Uwanja uko kusini-mashariki mwa mji. Jioni jua linakuwa mbele yako au pembeni na mji unabaki kivuli. Asubuhi linatokea nyuma yako, linalimulika kuba na minara usoni, na vigae vyote vinawaka kama makaa. Tulikuwa sisi, wakimbiaji wawili, na mzee mmoja na mbwa wake.

Mama ni Msambaa wa Lushoto. Mliowahi kufika Irente mnajua: unasimama ukingoni mwa jabali, na chini kabisa unaona tambarare ya Mazinde, barabara kuu imekuwa uzi. Watalii wanatoka mbali kuja kusimama pale. Nikamwambia, "Mama, si kama Irente?"

Akafikiri. "Irente ni juu zaidi," akasema. Hilo nililitegemea. Kisha akasema, "Lakini mimi Irente sikuwahi kutazama. Nilikuwa napita na mzigo wa kabichi kichwani, nipo na miaka kumi na mbili. Unatazama miguu usiteleze."

Halafu akaendelea kutazama, mikono mfukoni, hana mzigo.

Juu ya uwanja ule kuna kanisa la San Miniato al Monte, limejengwa kuanzia mwaka 1018, uso wake wa marumaru nyeupe na kijani. Ukiwa pale unakuwa juu kuliko Piazzale, unaona mji wote pamoja na kile kilima cha Fiesole upande wa pili, na watu ni wachache. Pembeni yake kuna makaburi ambako amezikwa Carlo Collodi, yule aliyemwandika Pinocchio. Lakini kulifikia kuna ngazi pana za mawe. Si 463, lakini ni ngazi. Nikaanza hotuba yangu: mama, si lazima, tumeshaona, tunaweza kurudi na basi.

Akanitazama. Akavua koti akanipa. Akanipa mkoba. Akanipa ule mwavuli.

"Kaa hapo. Ningoje."

Akapanda. Ngazi chache, anasimama, anashika kiuno, anapanda. Hakugeuka nyuma. Akaingia kanisani peke yake, akakaa humo nusu saa. Mimi nikabaki chini nimekumbatia makoti. Nilipata baridi. Nilitaka kujua anaona nini. Nikataka kumpigia simu, nikajizuia. Kumbe kungoja ni kazi, jamani, na hakuna anayekushukuru.

Alipotoka akasimama pale juu mlangoni, na safari hii nilimwona vizuri kabisa. Akapunga mkono. Nami nikampungia kwa mwavuli.

Haya, orodha niliyowaahidi. Hii ndiyo niliyoiandika mara ya pili, pamoja na yale niliyojifunza kwa makosa.

Ukitaka kuliona kuba, usipande kuba. Panda mnara wa Giotto. Kuba linakuwa mbele yako, na njiani kuna ghorofa za kupumzikia, tofauti na kule kwingine. Kama magoti hayaruhusu, nenda baraza la Oblate. Ni maktaba, kwa hiyo angalia siku na saa za kufunguliwa kabla ya kwenda.

Ukiamua kupanda kuba, weka nafasi ya siku na saa mapema sana. Mlangoni hutapata. Kama unaogopa mahali pembamba, au moyo wako una shida, usijilazimishe. Ukishaingia katikati ya ngazi zile, kugeuka nyuma ni kazi.

Ponte Vecchio litazame kutoka Santa Trinita, asubuhi. Hakuna ngazi, hakuna tiketi.

Piazzale Michelangelo, mabasi namba 12 na 13 yanakufikisha. Ukiwa na nguvu panda kwa miguu kutoka mtaa wa San Niccolò, na njiani simama bustani ya waridi, iko hapohapo chini ya uwanja. Alfajiri kwa rangi, jioni kwa shangwe. Jioni shika simu na pochi yako vizuri.

San Miniato ni mwendo mfupi kutoka hapo kwa miguu. Ni nyumba ya ibada na watawa wanaishi pale, kwa hiyo funika mabega, punguza sauti.

Fiesole, kama una siku ya ziada, basi namba 7. Ni mji mdogo juu ya kilima, mkongwe kuliko Firenze yenyewe, una ukumbi wa maonyesho wa Warumi. Mandhari yenyewe inahitaji kupanda mteremko mkali kuelekea nyumba ya watawa ya San Francesco. Sisi tuliishia kwenye mgahawa wa uwanjani, na sijutii.

Vaa viatu bapa. Mitaa ni ya mawe, yanateleza yakilowa. Na popote uendako na mzazi, uliza kwanza hili: kuna lifti, kuna choo, kuna benchi? Mimi nilikuwa nadhani hayo ni maswali ya wazee. Ni maswali ya mtu anayetaka kuwa na mwenzake pale juu.

Kazi ya wiki hii, kabla hatujakutana kwenye kipindi Jumapili: mpigie mama, au baba, au shangazi aliyekulea, umuulize kitu kimoja tu. Pale ulipokuwa unafanya kazi, kulikuwa na dirisha? Ulikuwa unaona nini? Usimkatize, usimwambie "pole sana" haraka. Msikilize tu. Kisha mkitaka, turushieni sauti zenu, tutazicheza baadhi.

Mama anawasalimu. Anasema mwavuli ni mzuri, na mwakani anataka kuona Irente, safari hii kwa kukaa chini.